Swali Lako Kuhusu Asukulu

Baraka, jioni kabla ya safari yako

Mauwa, mama yangu,

Mambo ya sweta, ya dawa za malaria, ya kutokaa karibu na injini ya boti na ya kutopokea chai ya mtu usiyemjua mkifika Kazimia, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na bado anayasema huko jikoni wakati naandika. Mimi sina la kuongeza. Ukisahau nusu yake utafika Kalemie salama, na ukiyakumbuka yote utafika umechoka.

Naandika kwa sababu ya swali lako. Wiki iliyopita nilikuwa barazani natia mikono kwenye blauzi ya harusi, ukaja na futi ya kupimia shingoni kama fundi kweli, ukaniuliza: "Baba, bale bantu ba filme banataka kujua, Asukulu alikuwa anavaa nini siku alikufa?" Nikakufokea. Nilikuambia baba yako si duka la nguo za maiti. Uliondoka, na tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji wawili wasiopendana. Kesho asubuhi unaondoka, na sitaki uende na jibu lile.

Najua lilikuwa swali la kazi. Wale vijana wa Lubumbashi wamekuchukua ushone nguo za wachezaji katika sinema yao kubwa, ile ya wafungwa wa vita, na fundi lazima aulize mtu alivaa nini. Ningekuwa mimi ningeuliza vilevile. Kilichonichoma ni siku uliyoitaja. Nguo za Asukulu naweza kukuchorea nikiwa nimefumba macho. Siku ya kufa kwake ndiyo siwezi, na sinema yenu imejengwa juu ya siku hiyo, na mama yake anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ataitazama kama alivyoitazama ile sinema fupi ya kwanza waliyoitengeneza, na atakayoyaona humo ndiyo atakayozikwa nayo. Kwa hiyo soma taratibu. Safari ya boti ni ndefu, muda utaupata.

Mengine unayajua. Unajua kwamba wakati wa vita, wewe ukiwa bado tumboni, nilishikwa nikafungwa huko juu milimani. Unajua ndiyo maana nashona barazani hata mvua ikinyesha, mpaka watoto wa mtaa wananiita fundi wa nje. Ulipokuwa mdogo ulinifungia mlango wa choo kwa mchezo, nikaupiga teke mpaka bawaba zikang'oka, halafu nikakununulia biskuti kwa sababu ulikuwa unalia kuliko mimi. Lakini hatukukaa chini hata siku moja nikakueleza. Katika nyumba hii kila mtu anamkinga mwenzake na habari fulani, na tumefanya hivyo muda mrefu mpaka imekuwa tabia.

Siku zile nilikuwa fundi wa kuzunguka masoko. Cherehani ilikuwa inafungwa juu ya baiskeli, na kwa kuwa barabara ya kupanda Fizi haimhurumii mtu, nilikuwa na msukumaji. Huyo ndiye Asukulu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mkaidi, mwingi wa maneno, anayedai malipo kabla ya kazi na chakula kabla ya malipo. Tukifika kilima kikali alikuwa anasimama, anajifuta jasho, anasema: "Fundi, hii mashini yako ni mukubwa wangu. Ingefaa yeye njo anisukume." Alinichekesha sana kijana yule. Alinikasirisha pia, karibu kila siku.

Tulishikwa pamoja siku moja ya soko. Watu wa bunduki walitoka kwenye majani wakachukua baiskeli, cherehani na sisi wenyewe. Sikutajii walikuwa wa upande gani. Umekulia hapa, unajua kwamba ukitaja upande, mazungumzo yote yanakuwa ya upande, na aliyekufa anaachwa hapo hapo hakuna anayemuulizia.

Walitutia kwenye shimo. Hilo sinema ya kwanza ililipatia vizuri: shimo la udongo, juu magogo yamepangwa, mwanga unaingia vipande vipande. Tulikuwa wengi kuliko nafasi. Siku ya pili mkubwa wao aliuliza mwenye mashini ni nani, nikainua mkono. Tangu hapo, kila asubuhi walisogeza gogo moja nikapanda juu, nikakaa chini ya turubai kushona suruali zao, kofia zao na mifuko ya risasi. Jioni walinirudisha. Mchana nilikula walichobakiza walinzi, na nilichoweza kuficha niliwaletea wenzangu: muhogo, ndizi, mara nyingine chumvi kwenye pindo la shati. Kuna siku niliogopa nikarudi mikono mitupu. Wenzangu wengine walinishukuru na wengine walinichukia, na wengi walifanya yote mawili.

Sasa jibu la swali lako la kazi. Asukulu alivaa singleti iliyokuwa nyeupe zamani, na suruali niliyomshonea mimi kutoka gunia la unga, kwa sababu yake ilikuwa imeozea mwilini. Gunia lilikuwa na maandishi ya buluu, yakaangukia kwenye goti la kushoto: kilo hamsini. Akasema afadhali sasa anajua uzito wake. Watu walicheka shimoni, Mauwa. Hilo hamkuliweka kwenye sinema ya kwanza. Wafungwa wenu walikuwa wanalia au wananyamaza tu, na sisi tulikuwa tunacheka, tunatukanana, tunagombania ukoko wa bugali, tunabishana ni kanisa gani lina kwaya nzuri. Na nguo zako, samahani mwanangu, zilikuwa zimepasuliwa kwa mkasi. Nguo ya mtu anayelala kwenye udongo inaanza kuchanika kwapani na kwenye makalio. Lakini ulikuwa unajifunza, na nilipoona pindo la koti la mlinzi nilijua ni mkono wangu uliokufundisha, nikafurahi.

Unakumbuka jioni ile ya kiangazi ilipoonyeshwa, kwenye uwanja wa shule. Kitambaa cheupe tulikishona mimi na wewe. Watu walikuja na viti vyao, na walioshikwa zamani tulikaa nyuma bila kupanga, kila mmoja karibu na njia ya kutokea. Mwanzoni watu walicheka kwa sababu mfungwa mmoja alikuwa na kitambi. Mama mmoja akasema kwa sauti: "Mule ndani banamupa nyama?" Nilicheka mpaka jirani yangu akanigusa bega. Nilidhani nitamaliza jioni ile nikicheka.

Halafu ikafika pale. Kijana anayemcheza Asukulu amelala, kichwa chake kipo kwenye mapaja ya kijana anayenicheza mimi. Juu yao nyota. Anasema, "Mwambie mama asilie." Fundi anamfumba macho kwa vidole viwili, taratibu, na muziki unaingia. Uwanja mzima ulilia. Mama Asukulu alikuwa mbele, kwenye kiti mlichomtengea, na taa zilipowashwa watu walikwenda kumshika mkono. Halafu wakaja kunishika mkono mimi. Watu wazima, mchungaji, wenye boti, mmoja mmoja, wakinishukuru kwa kumpakata mtoto wa mwenzao akifa. Nilipokea mikono yao yote. Wa mwisho alikuwa Mama Asukulu mwenyewe. Alisema: "Aksanti, Fundi. Sasa njo nimeona na macho."

Tangu jioni ile anaisimulia. Nimemsikia pwani akingoja mitumbwi, nimemsikia kwenye harusi ya jirani. Anasimulia nyota, na nyota hatukuwa tunaziona, magogo yalikuwa karibu karibu. Anasimulia vidole viwili. Zamani alikuwa anamtaja Asukulu kwa ukaidi wake, jinsi alivyokataa shule na jinsi alivyoiba sukari. Sasa kijana wa kwenye kitambaa amekaa mahali pa mwanawe. Na si yeye tu. Mjane mmoja wa huko Lusenda aliniletea gauni kupunguza akaniuliza kwa nini mume wake hakuwekwa kwenye sinema, kwani alifungwa mahali gani yeye ambapo si pale? Familia nyingine zimezima kabisa habari hizo, na nyingine zinataka jina la mtu wao liandikwe kwa herufi kubwa. Siwezi kuwalaumu wala hawa wala wale.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa nimewakasirikia wale vijana wa Lubumbashi. Nilisema moyoni, hawa wamekuja na kamera yao kutuuzia uongo. Nikajiandaa kuwatukana asubuhi, hata maneno nilikuwa nayo tayari, mazuri. Nikiwa kitandani nikajiuliza, wameyatoa wapi? Hawakuniuliza mimi, niliwakimbia kila walipokuja. Walimuuliza Mama Asukulu. Na Mama Asukulu aliyatoa kwetu.

Unajua desturi yetu kwenye matanga. Kabla watu hawajatawanyika, yule aliyemuuguza marehemu anasimama anaeleza ugonjwa: ulianza lini, alilalamika wapi, alipewa dawa gani, mwisho alisema nini. Hata waliokuwepo wanasikiliza upya. Akimaliza, watu wanaitika kwamba wamejua, na hapo ndipo mtu anaweza kwenda nyumbani kwake. Kwa waliofia vitani mara nyingi hakuna wa kusimama, ndiyo maana matanga ya vita hayaishi.

Wale waliotushika walihama alfajiri moja wakatuacha, tukasukuma magogo wenyewe. Nilipofika Baraka nilikuwa natembea kwa kushikwa mkono. Habari ya kifo ilikuwa imetangulia, na Mama Asukulu alikuwa amekaa kwenye mkeka anangoja wa kueleza. Baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, alinipeleka. Nilisimama mbele ya watu, nikafungua kinywa, na sauti haikutoka. Nililia tu. Ndipo baba yako mkubwa akasema kwa haraka: "Alikufa muzuri. Alikufia mu mikono ya ndugu yake. Alisema mama asilie." Watu wakasema, "Tumejua." Nikakaa.

Kaka yangu alimhurumia yule mama, na alinihurumia mimi. Sikuwahi kumlaumu. Lakini yale maneno aliyotunga kwa kunitazama nikilia ndiyo niliyoyaona juu ya kitambaa baada ya miaka yote hii, yamepewa muziki. Wale vijana hawakudanganya mtu. Waliamini nyumba yetu.

Utaniuliza kwa nini sikurekebisha. Nilingoja nipone kwanza. Halafu ukazaliwa, na Mama Asukulu ndiye aliyekubeba wa kwanza baada ya bibi yako, akakuogesha mwezi mzima kwa sababu mama yako alikuwa na homa. Nitamwambiaje mtu amemshika mtoto wangu kwenye maji ya uvuguvugu? Baadaye ukawa unakula kwake, unalala kwake, unamwita bibi. Kila mwaka ulifanya jambo liwe gumu zaidi, na kila mwaka nilijiambia kwamba ameshatulia, nisimchokoze. Nilimshonea nguo zake zote bila kumlipisha. Alidhani ni upendo, na upendo ulikuwepo pia.

Sasa siku yenyewe. Asukulu aliugua tumbo, kama wengi mle. Hakukuwa na pigo la mwisho wala risasi, jambo ambalo wenye sinema hawatalipenda. Asubuhi ile walisogeza gogo ili nipande, akanishika mguu wa suruali. Alisema: "We Fundi, unakwenda kula. Uniletee mayi." Nikamwambia, "Jioni. Nitakuletea jioni." Mtungi wa maji wa walinzi ulikuwa hapo juu, hatua chache tu. Kuna siku ukiomba wanakupa na kuna siku ukiomba wanakupiga, na siku ile sikuomba. Mkubwa wao alikuwa na safari, alitaka suruali yake kabla ya saa sita, na zipu yake ilikuwa imepoteza meno. Nilikuwa nafikiria zipu. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye zipu ya mtu aliyetufunga.

Jioni niliomba maji, wakanipa kwenye kopo. Nilishuka nayo. Asukulu alikuwa amekufa tangu mchana na walikuwa wamemsogeza pembeni ili wengine wapate pa kukaa. Nilimuuliza aliyekuwa karibu naye kama alisema neno. Akasema hakumbuki, yeye mwenyewe alikuwa na homa. Maji yale tuliyanywa sisi wengine. Mimi nilikunywa pia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikumpakata. Macho yake sijui nani aliyafumba. Ulipouliza alivaa nini siku ile, niliona ile suruali ya kilo hamsini asubuhi ile, mkono wake ukiwa kwenye suruali yangu, nikakufokea wewe badala ya kuufokea mkono wangu mwenyewe. Nisamehe.

Leo mchana, ulipokuwa unaaga rafiki zako, nilikwenda kwa Mama Asukulu. Nilidhani nikisema kwanza kwake, wewe utakuwa na ruhusa ya kuwaambia wenye sinema waibadilishe, na mambo yatanyooka. Ndivyo fundi anavyofikiri: ukikosea, unafumua, unashona tena. Alikuwa anaanika samaki wadogo wa ndakala pamoja na binti yake Nyota.

"Mama Asukulu, nimekuja kueleza ugonjwa."

"Ugonjwa wa nani?"

"Wa Asukulu."

Aliendelea kutandaza samaki. "Ule ulieleza zamani, Fundi."

"Kaka yangu njo alieleza. Miye sikusema kitu."

Akaacha samaki. Akamwambia Nyota akae chini, na yeye mwenyewe akakaa. Mimi nilitaka kukaa pia. "Hapana," akasema, "weye simama. Kueleza ugonjwa ni kusimama."

Nikasimama juani katikati ya ndakala, nikaeleza. Nilieleza lilipoanza tumbo, alivyolalamika, dawa ambayo haikuwepo, kisha asubuhi ile na neno langu, na kopo la jioni. Sikulia safari hii, na sijui kama ilikuwa vizuri kutolia. Nilipomaliza hakuna aliyesema wamejua.

"Ulikuwa unashona nini?" Mama Asukulu akauliza.

"Suruali ya mukubwa wabo."

"Uliimaliza?"

"Niliimaliza."

Nyota akasimama. "Miaka yote hii unakuja kukula huku. Unamwita mama yangu mama. Uende kwako, Fundi, mbele sijakufukuza miye mwenyewe."

"Wacha, Nyota," mama yake akasema. Kwangu akauliza: "Alikuwa na kiu?"

Ningeweza kusema sijui. Mwanangu, nilikuwa na neno hilo mdomoni.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana."

Akainama akaanza tena kutandaza samaki, akiwageuza hata waliokuwa wamegeuzwa tayari. Nilibaki nimesimama kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke. Nyota alikwenda nyuma ya nyumba, nikamsikia analia. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku waliponivua nguo milimani. Alipomgeuza samaki wa mwisho, Mama Asukulu akasema, bila kuniangalia, "Aya. Tumejua."

Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kumwambia kwamba Mauwa atazungumza na wenye sinema, kwamba watatoa ile ya mapajani, kwamba safari hii wataonyesha kama ilivyokuwa. Nilikuwa naongea haraka, nilikuwa karibu kufurahi. Akanikatiza.

"Mauwa anakwenda kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Umuambie, mule ndani ya filme bamupe mayi. Mbele ya kufa, bamupe mayi anywe."

"Mama Asukulu, haikuwa vile."

"Najua haikuwa vile. Si umetoka kuniambia? Miye nilizaa muntu, akakufa na kiu, nitakaa na ile mupaka nife. Lakini siku bataleta ile filme huku, nitakuwa ninakaa pale mbele, bantu bote bananiangalia. Sitaweza kumuangalia anaomba mayi mara ya pili na hakuna wa kumupa."

Nilikuwa nimekwenda kufumua uongo mmoja, na yule niliyemkosea ananiomba niuweke mwingine. Nikamwambia nitakuandikia. Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita nirudi.

"Na asimupe ule anacheza weye. Mauwa amupe. Ule mutoto nilimuogesha na hii mikono. Yeye njo amupe."

Nimekaa na neno hili tangu mchana. Wewe ni mshona nguo, si mchezaji, na sijui kama watakubali. Labda watasema hakuna nafasi ya mwanamke mle, na watakuwa na haki, kwa sababu hakuna mwanamke aliyekaribia shimo lile. Inaweza kuwa mkono tu unaopita kati ya magogo na kikombe, uso usionekane. Kila mtu aliyefungwa huko atakayeiona atajua ni uongo. Tutakuwa tumekaa nyuma karibu na njia ya kutokea, na tutajua. Sijui pia kama ni haki kwa watu wa mbali watakaoitazama, huko Lubumbashi na kwingine, waamini kwamba kulikuwa na mtu wa kuleta maji. Juu ya hilo mimi si mwalimu wako. Nimebishana na nafsi yangu mpaka mama yako amekuja kuuliza naongea na nani.

Unaweza kuwaeleza habari yote ya zipu, pamoja na jina langu. Simwogopi tena mtu kwa hilo. Mchezaji anayenicheza mwambie asinipe huruma usoni, nilikuwa nimekunja uso kwa sababu ya kazi. Suruali ya gunia ishone kwa mshono mmoja tu, uzi haukutosha kwa miwili.

Lakini lile la mwisho sikuombi mimi, nimetumwa. Akisema tu ana kiu, pitisha mkono umpe. Usimwambie jioni.

Baba yako